Baba Huongea Gari Likitembea

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika barua kwa sababu Shangazi bado hajatengua amri yake. Juzi nilimwuliza kama sasa naweza kukupigia simu, akasema, "Kwa jinsi mlivyogombana mbele ya watu waliokuja kutoa pole za mama yenu, nyinyi ni wa kalamu mpaka mzeeke. Anayeandika hawezi kumkata mwenzake kauli." Basi hii inakuja na basi la asubuhi, ndani ya kifurushi cha vitambaa ulivyoagiza.

Habari yenyewe ni ya gari. Jumamosi lilitufia katikati ya mzunguko wa barabara, mimi na Baba tumo ndani, malori yanatupigia honi kama vile tumeiba njia. Gia ya tatu ilichomoka. Nikajaribu ya pili, ikagoma, kisha nikasikia mlio kama wa sufuria linalokwanguliwa ukoko. Wanaume wanne wasiotujua wakatusukuma hadi pembeni. Baba alikuwa anaongea, na gari liliposimama tu akanyamaza katikati ya sentensi.

Unamjua. Nyumbani ni bubu wa hiari, lakini gari likitembea anafunguka kama redio. Nadhani alizoea hivyo miaka ile ya kukagua mizani madukani, peke yake barabarani na yale mawe yake ya kupimia kwenye buti. Na tangu kumbukumbu ianze kumtoka imezidi: hata "nataka maji" hasemi mpaka magurudumu yazunguke. Ndiyo maana kila Jumamosi nikitoka kazini maktaba humzungusha mjini saa moja, wakati mwingine mbili.

Tumelivuta hadi kwa Fundi Pole. Tunamwita hivyo kwa sababu huanza na "pole sana" kabla hata hajafungua boneti. Anasema giaboksi imekwisha na sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu. Ukiinua kapeti unaiona lami. Tuna njia mbili. Ya kwanza, yeye atafute giaboksi kwenye magari yaliyokufa, achomelee na sakafu, kazi ya wiki tatu. Ya pili, tuliuze kama chuma chakavu, tuchukue lile jeupe la jirani yetu mwalimu, otomatiki, halijafikisha miaka sita. Mimi nasema tulitengeneze.

Kuna jambo jingine. Nilipotafuta kadi ya gari kwenye sanduku la Baba, nilipigwa na butwaa. Jina lililoandikwa ni lako. Tarehe ni ya wiki ile ulipoondoka kwenda kujifunza ushonaji. Miaka ishirini nimepanda na kuendesha gari la mtu bila kujua! Nimekutumia kadi pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki. Tia sahihi uzirudishe, gari liwe kwa jina langu, maana mimi ndiye ninayesimamishwa njiani.

Baba ni mzima wa mwili. Shangazi anakusalimu.

Mdogo wako,
Kitinda


6 Machi

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekalia rundo la sare za shule, na wasichana wangu wanne wakazima cherehani zao wote kwa pamoja wakidhani nimepata msiba. Nikawaambia hakuna aliyekufa ila gari, warudi kazini.

Liuzeni. Sakafu yenye tundu si ya kumpakizia mzee. Giaboksi ya gari lililokufa ni ugonjwa wa kuazima. Leo utabadilisha hiyo, kesho klachi, keshokutwa usukani utakubakia mkononi kwenye mteremko. Lile la mwalimu lina mikanda inayofunga na milango inayofunguka kwa ndani. Hizo ndizo sababu unazoweza kumsomea Shangazi kwa sauti.

Sababu nyingine ni ya kusoma wewe peke yako. Nina wivu. Nimelitamka, na kalamu haijavunjika. Gari hilo nikiliona tu roho inaniuma, na huwa naliona kila nikija, wewe umeshika usukani na Baba yuko pembeni yako anapiga domo, mimi nimesimama kibarazani na begi langu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilipomaliza shule nilimwomba Baba anifundishe kuendesha. Akasema, "Tutaona." Nikaomba mara ya pili, akachukua ndoo akaenda kuliosha. Mara ya tatu nililia, na Mama akaniambia niache kumkalia baba yangu kooni. Siku naondoka alinipeleka kituo cha basi kwa gari hilo hilo. Mama mbele, mimi na wewe nyuma. Njia nzima alimsimulia Mama habari za muuza sukari mmoja aliyebandika sumaku chini ya mizani, na hakunitupia jicho hata kwenye kioo. Wewe ulipotimiza miaka kumi na tisa alikupeleka uwanjani bila kuombwa, ukaangusha goli la watoto, akacheka. Mama aliniandikia habari hiyo akidhani na mimi nitacheka.

Na sasa unaniambia jina langu limo kwenye kadi. Mimi alinipa karatasi akaificha sandukuni, wewe akakupa ufunguo. Na karatasi yenyewe unaitaka! Kadi inabaki kwangu. Fomu yako nimefungia shanga.

Nijibu jambo moja, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Humo garini Baba anaongea nini? Ananitaja?

Dada yako,
Mwanzo


9 Machi

Dada,

Shikamoo, japo leo inatoka kwa shingo upande.

Kwa hiyo gari zima lisagwe kwa sababu mwaka fulani mtu hakukutazama kwenye kioo. Sawa. Na mimi basi nianze na yangu? Unakuja mara mbili kwa mwaka na mashati uliyomshonea Baba. Anayavaa mpaka kola zinakatika, nikiyatoa uani kuyafanya matambara anayarudisha kabatini. Mimi nilimnunulia matatu mwaka jana, bado yana pini na karatasi zake. Mama mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza basi la kwenu linafika saa ngapi. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, Dada. Nilikuwa nimeushika mkono wake, na akaniuliza habari za basi.

Mimi ndiye ninayemwogesha Baba, ninayemkata kucha, ninayemfuata barabarani akitoka na kandambili mbili za kushoto. Kama gari limekuwa upande wangu, basi ndicho kitu pekee kilichokuwa upande wangu katika nyumba hii.

Umeuliza anaongea nini. Anaongea habari za kazi. Mwenye bucha aliyekuwa anaegemeza kidole kwenye sahani ya mizani. Jiwe la kilo moja lililopungua kwa kutumika, wakabishana nalo siku tatu. Barabara ilivyokuwa kabla ya lami. Wewe hakutaji. Labda mara moja moja, kama mtu anavyotaja hali ya hewa.

Sasa ni siku ya nane gari liko gereji na Baba hajasema neno. Si kwangu tu, hata kwa Shangazi, ambaye alimletea sukari guru akamsubirisha ili aombe. Hakuomba. Kila asubuhi anatembea hadi kwa Fundi Pole, anafungua mlango wa abiria, anakaa ndani, anatazama mbele. Saa sita namfuata. Fundi anazungukazunguka kufanya kazi zake asimsumbue.

Rudisha kadi. Na uniambie neno la heri kuhusu giaboksi, ameipata moja nzuri.

Kitinda


12 Machi

Kitinda,

"Kama mtu anavyotaja hali ya hewa." Nimekushukuru kwa ukweli wako. Sasa najua.

Sahihi nimetia, lakini si kwenye fomu yako. Mume wa mteja wangu mmoja ananunua vyuma chakavu na ana lori linalopita huko kwenu. Nimempa kadi, nimempa na barua yangu ya kumwonyesha fundi. Atalichukua Ijumaa tarehe 14 asubuhi. Na lile jeupe la mwalimu nimeshaongea naye, mtaletewa nyumbani, limekwisha. Usije ukasema nimemwacha Baba atembee kwa miguu.

Kama silo langu la kupanda, basi liwe langu la kuuza.

Mwanzo


13 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na siwezi kulisubiri. Kuna jambo nimekuficha.

Jana nimemfuata Baba gereji kama kawaida. Fundi Pole alikuwa amesimama kando ya gari anafuta mikono, akaniambia, "Dada, mimi baba yangu sikumjua. Huyu akikaa hivi kila siku mimi chakula hakinipiti." Nikamweleza siri ya magurudumu. Akafikiri. Kisha akawaita wenzake watatu, akanikalisha kwenye usukani, wakaanza kulisukuma gari kuzunguka uwanja wa gereji, katikati ya matairi na maji ya mafuta. Watu barabarani wakasimama kutazama. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, nikiwa nakata kona karibu na pipa, Baba akafungua mdomo.

Akasema, "Mwanzo, hii injini mpya ina makelele ya watu."

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Dada, ananiita Mwanzo. Si jana tu. Huu ni mwaka wa tatu.

Nyumbani ananijua, nadhani, au hana haja ya kunijua, anashika tu mkono uliopo. Lakini akishaingia humo na gari likaondoka, aliyeketi kwenye usukani ni wewe. Mimi simo. Mara ya kwanza nilimsahihisha, nikamwambia, "Mimi Kitinda, Baba," akanyamaza hadi nyumbani. Jumamosi iliyofuata nikamsahihisha tena, akanyamaza tena. Ya tatu nikaitika. Tangu siku hiyo nimekuwa naitika.

Zile habari za bucha na barabara ni za kweli, lakini ni za kujazia njia. Mengine yote ni yako. Anakuuliza umekula nini huko. Anauliza kama mwenye nyumba wako bado anakusumbua, yule wa chumba cha kwanza kabisa, miaka ishirini iliyopita. Anakusifia mishono. Anakuomba usimwambie Mama kwamba amepotea njia. Siku moja tumesimama kwenye taa akasema, "Mwanzo, usinikasirikie kwa ajili ya usukani. Niliogopa ukijua kuendesha hutarudi tena. Gari nimeliandika jina lako, utakaporudi ni lako." Nikamjibu, "Sijakasirika, Baba." Akashusha pumzi, akasinzia mpaka tukafika. Hayo ya jina nilidhani ni kumbukumbu imemtoka, mpaka nilipoiona kadi.

Kwa nini nilikuandikia kwamba hakutaji? Kwa wivu, Dada. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sijaiona. Nimekaa pembeni yake Jumamosi baada ya Jumamosi namsikiliza akimpenda mtu mwingine, na mtu huyo ananiuliza kwa barua, ananitaja? Nilishindwa kukupa na hilo.

Lakini nataka litengenezwe. Ndimo anamoongea, hata kama haongei na mimi. Giaboksi iko tayari kwenye benchi la fundi. Nipe ruhusa tu, na gari likitembea uje. Nitakufundisha kuendesha, kisha uketi wewe pembeni yake. Mimi nitakaa nyuma.

Kitinda


15 Machi

Kitinda,

Nimekupigia simu mara sita tangu asubuhi, amri ya Shangazi iende zake. Hupokei. Nimempigia mwenye lori, amesema mzigo wa jana umeshashushwa na mashine haibagui. Alisema "mzigo".

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya tarehe 12 bila shaka unayo sasa, na unaisoma kama ninavyoisoma yako, umesimama. Ile siku naiandika nilikuwa nakuona unacheka. Nilimkabidhi yule mtu kadi kwa furaha kabisa, nikampa na chai. Sijawahi kufanya jambo baya kwa moyo mweupe vile.

Baba alikuwa ananisubiri ndani ya gari, nami nimeliuza akiwa bado anaongea nami.

Lakini usidhani nimekwisha na wewe. Nani alikupa mdomo wangu? "Sijakasirika, Baba." Nilikasirika! Miaka ishirini nimeutunza ugomvi ule, nimeulisha, nimehama nao vyumba vitano. Nilikuwa nangoja siku aniombe radhi nimwambie kwanza jinsi nilivyoumia, nimwambie habari za kioo, nimwambie nilivyolia kwenye basi hadi mama mmoja akanipa kanga yake. Halafu ndiyo nimsamehe. Halafu tulie wote. Wewe umeutoa bure, kwenye taa za barabarani, kwa maneno mawili, ili ufike nyumbani mapema.

Nauonea wivu mpaka ulimi wako.

Niambie alikuwa wapi wakati linachukuliwa. Usinifiche, wiki hii nimeshazoea kuumia.

Mwanzo


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Simu zako niliziona zote sita. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja simu, ndiyo sababu sikupokea.

Umesema nisikufiche. Alikuwa ndani. Lori lilipofika ile Ijumaa Baba alikuwa amekaa mahali pake kama kila asubuhi. Mimi nilikuwa maktaba, barua yako ilikuwa bado kwenye basi. Fundi Pole aliisoma ile ya kwako aliyoonyeshwa, akaisoma tena, akamwambia dereva asubiri anitafute. Dereva akasema hana muda, akafunga waya wa kuvutia mbele bila kuchungulia ndani. Gari likaanza kusogea. Fundi anasema lilienda kama hatua kumi hivi kabla hajawafikia akipiga kelele. Alipofungua mlango, Baba alikuwa anatabasamu. Alikuwa amesema, "Twende, Mwanzo." Hilo jina lako la nyumbani Fundi alishalisikia siku ile ya kusukuma, asijue ni la mtu. Aliniuliza kama Mwanzo ni jina la kituo.

Walimteremsha kwa adabu. Akasimama pembeni na kofia mkononi. Fundi alitoa yale mawe ya mizani kwenye buti akampangia chini, kuanzia la kilo kumi hadi vile vidogo vya gramu, na Baba akashughulika nayo, akayahesabu, kwa hiyo hakuona lori likitoka. Hilo namshukuru fundi mpaka leo.

Siku saba hakusema kitu. Nilikulaani kila nikimvisha shati, na mashati ni yako yote.

Kisha gari jeupe likaja. Juzi Jumamosi nikampandisha. Alishika mlango, akanusa ndani, akakaa. Otomatiki hii haina mlio, huwezi hata kujua limewaka. Tukapita soko, tukapita kituo cha mafuta, kimya. Nikajisemea basi, imekwisha, tumemfungia mdomo wewe na mimi kwa pamoja. Tulipofika ile barabara ndefu ya kiwandani akageuka, akaniangalia usoni muda mrefu, nikaona aibu kama naangaliwa na mtu nisiyemjua.

Akasema, "Kitinda, umekonda."

Niliegesha pembeni, Dada, nikalia mpaka polisi wa barabarani akagonga kioo kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia baba yangu amesema nimekonda. Akatuacha.

Tulipoondoka akaendelea. Akaniuliza vitabu vya maktaba vinapungua au vinaongezeka. Akaniambia nisikanyage breki kwa hasira. Akakumbuka lile goli la uwanjani. Kila sentensi iliyotoka ilikuwa na jina langu, Kitinda hivi, Kitinda vile, nikahisi kama mtu aliyerudishiwa nguo zake.

Wewe hakukutaja. Safari hii sidanganyi, natamani ningekuwa nadanganya. Nilimjaribu, nikasema, "Dada anakusalimu." Akauliza, "Dada yupi?"

Nimefurahi, Dada. Nimefurahi mpaka nimejiogopa. Ulifanya kwa ubaya, na ubaya wako umenirudishia baba. Sijui nikushukuru au nisikusemeshe tena maisha.

Kitinda


28 Machi

Kitinda,

Nilikaa na barua yako siku mbili. Wasichana wangu wameniuliza mbona nimeshona mfuko mgongoni mwa shati. Nikawaambia ni mtindo.

"Dada yupi." Nimeyaandika hayo maneno kwa chaki ya kitambaa juu ya meza yangu ya kukatia, nikayafuta, yameacha alama.

Ninastahili. Nakubali kabla hujaniambia. Na bado nina wivu, usidhani umeniponya. Nilidhani wivu ukishapata adhabu yake huisha. Wangu umekaa tu, umebadilisha kiti. Zamani nilikuonea kwa sababu ulikuwa naye na mimi sikuwa naye. Sasa nakuonea kwa sababu nilikuwa naye na wewe ndiye uliyeyasikia maneno yake.

Kwa hiyo nataka kitu kimoja. Gari siwezi kulirudisha. Yeye siwezi kumlazimisha anikumbuke. Lakini aliyosema miaka hii mitatu, yale aliyomwambia Mwanzo, yako kichwani mwako. Yaandike. Yote. Sitaki uyapambe, sitaki uyafupishe. Alivyouliza nimekula nini, alichosema kuhusu mishono, alichosema kila Jumamosi. Nitakutumia karatasi ukitaka, nitakutumia kalamu.

Ni yangu, Kitinda. Aliniambia mimi.

Dada yako,
Mwanzo


31 Machi

Dada,

Shikamoo.

Nilianza kuandika. Nilitoa daftari jipya, nikaketi mezani baada ya chakula cha mchana, Baba amelala, nyumba imetulia. Niliandika sentensi moja ya Jumamosi ya kwanza kabisa. Nikaitazama. Nikaichana.

Siwezi. Kweli aliyasema kwako, lakini aliyekuwa na masikio ni mimi. Niliyasikiliza kwenye foleni, kwenye mvua, nikiwa na homa, nikiitikia jina lisilo langu. Nilijibanza humo ndani ya jina lako kama mtu aliyebisha hodi akaambiwa karibu kwa makosa. Sasa nikikuandikia yote kwa mkupuo utayasoma kwa siku moja, utalia, utayafunga na uzi na kuyaweka kwenye kabati la cherehani, na utakuwa na baba kamili bila kupanda hata basi. Mimi nitabaki na nini? Wivu wako haujaisha, umesema mwenyewe. Na wangu pia uko, ndio huu unaongea.

Lakini si kwamba nakunyima. Sikiliza nitakavyofanya.

Njoo. Baba atakuuliza wewe nani. Utamwambia. Kesho yake atakuuliza tena, utamwambia tena, na usikasirike, na ukikasirika useme mwenyewe kwa mdomo wako, sikusemei tena. Tutamzungusha na gari jeupe. Mkono wake mmoja wewe utaushika, kucha utakata wewe. Siku ya kuondoka nitakusindikiza kituoni, na kabla hujapanda nitakwambia moja. Moja tu, neno kwa neno, jinsi alivyolisema, na mahali tulipokuwa tumefika. Ukija tena, jingine.

Kwa barua siandiki. Kwa simu sisemi, hata Shangazi akitengua amri yake leo. Nimezihesabu zile Jumamosi, zinapita mia na hamsini.

Utakuja sana.

Mdogo wako,
Kitinda